Simu ya Bibi Esta

Kikombe cha bati kililia juu ya kabati kabla jogoo hajawika. Kililia kidogo, kikanyamaza, kikalia tena, nami nikabaki kitandani nikisikiliza kama mtu anayesikia hatua za mgeni uani.

Humo ndimo ninamoweka simu. Nyumba yangu iko Murangi, pale ardhi inapoteremka kwenda ziwani, na mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Nilijaribu dirishani, nikajaribu mlangoni, nikajaribu hata kuifunga simu kwenye mpera. Mwisho nikagundua kwamba inashika juu ya kabati tu, ndani ya kikombe alichokuwa akinywea chai marehemu mume wangu Thadeo. Ikipata kitu inatetemeka, na kikombe kinalia. Mara nyingi ni kampuni ya simu inanitangazia vifurushi.

Nilipanda kigoda nikaitoa. Ujumbe ulitoka kwa namba nisiyoijua. Uliandikwa hivi: Mama, ni mimi mwanao. Simu niliyokuwa nayo ilipotea ndiyo maana nikawa kimya. Weka hii programu tuonane uso kwa uso. Chini yake palikuwa na kitu cha kubonyeza, chenye picha ndogo ya maji ya buluu.

Nina watoto wawili walio hai, au ndivyo ninavyosema watu wakiniuliza. Hilda ameolewa Butiama. Mdogo wake, Evance, alianza kwa kununua dagaa kisiwani Rukuba na kuwauza Musoma, kisha akasema biashara ya dagaa ina wenyewe, akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Alipiga simu kwa muda, halafu namba yake ikawa haipatikani. Hakuna aliyeniletea habari kwamba amekufa, na hakuna aliyeniambia amemwona. Miaka imepita hivyo.

Evance ana jina lingine la nyumbani, Makongoro, jina la baba yangu mzazi. Kwetu mtoto akirithi jina la mzee anarithi na heshima yake, kwa hiyo tangu akiwa mgongoni nilimwita Baba. Naye alipopata akili ya kulielewa jambo hilo akaanza kuniita Mwanangu. Alikuwa anarudi shule na njaa yake, anasimama mlangoni na kuuliza, "Mwanangu, umempikia nini baba yako?" Akaota ndevu na hakuacha. Neno mama sikumbuki kulisikia kinywani mwake.

Basi niliposoma Mama, nilisita. Lakini nikajisemea kwamba mtu akikaa mbali na kwao hata ulimi wake unabadilika. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi: Baba, ni wewe? Jibu likaja upesi: Hapana mama, ni mimi mwanao. Nikaandika: Evance? Likaja: Ndiyo mama, Evance. Nikakaa kwenye kigoda na simu kifuani mpaka nikaanza kuziona kuta.

Kulipokucha niliibonyeza ile picha ya maji. Simu ikaleta maneno ya Kiingereza yenye alama nyekundu. Nikaipeleka kwa jirani yangu Petronila, ambaye alikuwa anaanika dagaa zake. Aliyasoma yale maneno akiwa ameiweka simu mbali na macho, akasema yanasema ni hatari, au yanasema si hatari, mojawapo. Kisha akafuta mikono na kuniambia nisiguse tena mpaka nimpigie Debora.

Debora ni binti wa Hilda. Anafanya kazi Bunda, kwenye karakana moja ya kompyuta, na kazi yake kubwa ni kuzijaribu programu kabla hazijawekwa kwenye mashine za watu. Nilimpigia nikiwa juu ya kigoda, sikio karibu na kikombe. Nilimsomea ujumbe. Akaniuliza kama nimekubali chochote. Nikasema nilibonyeza, ikakataa.

"Sawa. Zima data, Bibi, nikiwa nakusikia," akasema. "Halafu uniletee hiyo simu hivyo hivyo. Usiiwashe data hata njiani."

Nikazima. Nilijiona kama nimemfungia mtu mlango akiwa bado anabisha.

Jumamosi nikaondoka. Petronila aliniazima mwavuli wake mzuri, ule ambao hata kanisani hauendi, akaahidi kuwalisha kuku wangu pamoja na tetea mpya niliyemnunua Bugwema, aliyekuwa bado chini ya tenga nyuma ya jiko. Musoma, kijana nisiyemjua alinibebea mkoba kutoka gari moja hadi jingine, na nilipotaka kumpa kitu akasema bibi yake naye yuko kijijini. Mjini mtandao una nguvu. Nilikaa kwenye kiti nikiwa na simu ndani ya leso, najua kabisa kwamba nikigusa mahali pamoja tu ningeweza kumjibu. Nilikuwa nimeshafikiria hata nitakachomuuliza kwanza, kama anakula vizuri. Gari likapita njia panda ya kwenda Butiama, nikaikunja leso mara nyingine, nikaishika kwa mikono yote miwili mpaka Bunda.

Debora alinipokea akapiga goti. "Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Mume wetu angekuona ulivyokonda angekurudisha kwenu."

"Mume wetu alikuwaga anapenda wembamba. Wewe ndiye uliyemharibu."

Hivyo ndivyo tulivyozoea, tangu babu yake yuko hai. Akacheka, akachukua mkoba, akanipeleka anakopanga. Ni chumba kimoja chenye kitanda, meza, kompyuta na jiko la gesi pembeni. Alitoka mara moja akarudi na kiti na sahani, akasema vyake vilikuwa nje vinakauka. Baadaye nilitoka kunawa. Nje hapakuwa na kitu kinachokauka. Jirani wa mlango wa pili alinisalimia, akaniuliza kama kile kiti chake kinanifaa, maana mguu mmoja unacheza.

Jumapili, tulipotoka misa, Debora alivuta meza dirishani akanikalisha karibu. Nilimwomba jambo moja tu, aniambie kama ni Evance au si Evance. Nikamwambia kama ni Evance, aiweke programu kwenye simu yangu leo leo, nimwone. Kama si yeye, sikujua namwomba nini. Yeye naye hakuniahidi lolote. Alinieleza kwamba programu haiwezi kusema imetoka kwa nani, ila inaweza kuonyesha imekuja kufanya nini.

Alichomeka waya, akaitoa ile programu, iliyokuwa imeshuka kwenye simu yangu bila kujiweka, akaiingiza kwenye kompyuta. Nikamuuliza kama haogopi kuambukizwa. Akasema ndani ya kompyuta yake ameshatengeneza mashine nyingine, ya kuigiza, na ndani ya hiyo ametengeneza simu, ya kuigiza vilevile. Programu ikiwekwa humo inajiona iko kwenye simu ya mtu. Ikiharibu, inaharibu humo humo. Njia ya kutoka nje ameifunga, na ikijaribu kutuma kitu kwa wenyewe, kinaishia kwake. Akimaliza anafuta vyote, na kompyuta inabaki kama haikuona kitu.

Nikamwambia hilo nalielewa. Kuku mgeni haingii bandani siku anapofika. Unamfunika na tenga mbali na wenzake, unamwangalia anavyokula, macho yake, kinyesi chake. Akiwa na kideri unampoteza mmoja, banda linapona.

"Ndiyo hivyo hivyo, Bibi. Ila kuku hajui kujifanya mzima. Hizi zinajuaga."

Alitaka ile simu ya kuigiza ifanane na yangu, asije akajaribu kitu kwenye mazingira mengine. Akaniuliza nani wamo kwenye simu yangu. Nikamtajia: mama yako, wewe, Petronila, katekista, na Baba, yaani ile namba ya zamani ya Evance isiyopatikana. Akaandika majina hayo na namba za uongo. Akauliza picha. Nikasema ipo ya jogoo, nilipiga kwa bahati mbaya. Akauliza jumbe za watu. Nikasema matangazo ya vifurushi.

Akaifungulia. Kwenye kioo pakaonekana simu iliyochorwa, na ndani yake yale maji ya buluu yakajaa, yakatulia, kisha programu ikajifunga yenyewe. Tukangoja. Debora alikuwa anatazama upande mwingine wa kioo, ambako maneno madogo madogo hupita kifaa kinapofanya kazi. Hayakupita. Tukangoja tena mpaka chai ikapoa.

"Haijafanya kitu," nikasema. Moyo wangu ulikuwa umeshasimama mlangoni. "Ni salama basi. Niwekee."

Debora alitikisa kichwa. Alisema programu nyingine mbaya zikifika mahali huchungulia kwanza kama kweli kuna mtu anaishi humo. Zinaangalia majina ni mangapi, kama anapigiwa, kama anaandikiwa na watu, kama ana picha za watoto. Zikikuta hakuna kitu, zinajua hii si simu ya mtu, hii ni simu ya mafundi wanaotaka kuzikamata. Basi zinakaa kimya kwa adabu mpaka zitolewe.

"Hii imeona hakuna anayeishi humu," akasema, na macho yake bado yako kwenye kioo.

"Lakini hiyo ndiyo simu yangu, Debora."

Uso wake ulibadilika, akainuka akasema anakwenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa. Nikabaki naitazama ile simu ya kuigiza. Katekista alikuwemo, Petronila alikuwemo, na jogoo wangu amegeuza shingo. Mgeni amefika, amechungulia chumba kwa chumba, ameona ni nyumba ya kutengenezwa, si ya mtu. Sikumchukia. Hata mimi zipo siku za mvua naichungulia nyumba yangu hivyo hivyo.

Debora aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kidogo, nami nikajifanya naangalia dirishani. Akakaa karibu zaidi kuliko mwanzo.

"Sasa tumtengenezee mtu," akasema. "Bibi mwenye watu wengi. Wewe sema, mimi nitaandika."

Ndipo tukamtengeneza Bibi Esta. Mwanzoni nilisema kwa aibu, kama ninayeomba chumvi kwa jirani mpya. Esta awe na watoto wengi, wote wanapiga simu asubuhi kuuliza ameamkaje. Awe na mjukuu anaitwa Fredi, yuko Rukuba, kila wiki anaahidi kumletea sato na kila wiki ana sababu. Awe na wifi yake Bugwema, mgomvi, anayemwandikia kuuliza sufuria yake ya harusi. Debora akauliza sufuria ina tatizo gani. Nikasema haina tatizo, ilitoboka wakati wa msiba, Esta anaogopa kusema. Debora akacheka mpaka akaacha kuandika.

"Huyu wifi namjua," akasema. "Umemtoa wapi?"

"Andika. Usimtaje jina, anaweza kuwa hai."

Esta akapata kwaya, na mwenyekiti wa kwaya anayekumbusha sare. Akapata picha za ubatizo, ambazo Debora alizitoa kwake, akafuta sura za watu. Akapigiwa simu jana, juzi, na leo asubuhi. Nilimwambia aweke pia jina la Baba, kwa sababu Esta naye lazima awe na mmoja aliyeko mbali. Akaniuliza kama huyo naye awe anaandika. Nikafikiri, nikasema ndiyo, aandike. Mwanangu, nimefika salama, usilale na njaa. Debora aliandika bila kuniangalia.

Wakati mmoja nilinyamaza kutafuta maneno, na vidole vyake vikaendelea vyenyewe. Macho yangu bado yanasoma vya karibu. Aliandika: Bibi, leo nimepika nikakumbuka hakuna wa kula naye. Kisha akaendelea na mambo ya sare. Nilikikumbuka kile kiti cha jirani.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili aliposema inatosha. Nilimtazama Esta na watu wake, nikamwonea wivu, mtu ambaye hata damu hana.

Akaifungulia programu. Maji ya buluu yakajaa. Safari hii hayakujifunga. Yakauliza kwa upole kama yanaweza kusoma jumbe za Esta, kisha kama yanaweza kuona majina ya watu wake. Debora akakubali kila yalichoomba. Yakauliza namba yake ya siri ya pesa, akaandika namba ya uongo. Na hapo ule upande mwingine wa kioo ukaanza kwenda. Mistari ilipanda haraka kama siafu, na Debora akawa ananionyesha kwa kidole: hapa imechukua majina, hapa imechukua picha za ubatizo, hapa inatafuta pa kuzipeleka. Kila kitu kilikuwa kinaishia mikononi mwake.

Kisha simu ya Esta ikaanza kuandika yenyewe.

Iliandika kwa wifi wa Bugwema: Mama, ni mimi mwanao. Simu niliyokuwa nayo ilipotea ndiyo maana nikawa kimya. Iliandika hivyo kwa Fredi, kijana wa watu ambaye hajaoa. Ikaandika kwa mwenyekiti wa kwaya. Yale maneno niliyokuwa nimeyasoma mpaka nikayajua kwa moyo, niliyolala nayo, yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine kwenda kwa watu niliowatunga mwenyewe siku ile. Mwisho yakaenda kwa Baba.

Debora alizima. Tukasikia watoto wa nyumba ya pili wakigombania mpira.

"Na alijuaje jina la Evance?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ulilitaja wewe, Bibi. Wao waliitikia tu. Wakishaiteka simu ya mtu, wanajibu kwa namba yake. Ungewaambia Alfonce wangekubali Alfonce."

Nikamwambia nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Nilimwita Baba akakataa, na Evance hawezi kulikataa jina hilo hata akiwa usingizini. Nilijua, lakini nilitaka mtu aniambie nimekosea. Debora alinishika mkono. Hakusema nisilie, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu watu wengi husema hivyo haraka.

Alikuwa bado amenishika alipotulia ghafla, kama mtu aliyekumbuka sufuria iko jikoni. Akaigeukia kompyuta, akairudia ile mistari.

"Bibi, hii inaandikia watu waliomo kwenye simu tu," akasema polepole. "Haibahatishi namba. Aliyekutumia wewe, simu yake ilitekwa kama hivi. Na wewe ulikuwa ndani yake."

Nikamwambia hakuna mtu mwenye namba yangu zaidi ya wale wale. Basi yupo mwingine aliyenayo, akasema. Akachukua simu yake mwenyewe, akaipiga ile namba iliyoniandikia, kwa simu ya kawaida. Alinieleza kwamba wezi walichukua maandishi, laini yenyewe inabaki kwa mwenye nayo. Akaweka sauti kubwa, akailaza mezani.

Akaitika mwanamke. Kabla hatujajitambulisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba kama ni habari ya ile programu, ameshaomba msamaha kwa kila mtu, mpaka kwa padre. Debora alimtuliza, akasema hatukupiga kugomba. Mwanamke akajitaja kuwa Shija, mama lishe machimboni. Debora akamwomba kitu kimoja, aangalie namba yangu ameiandika kwa jina gani. Akamtajia namba hiyo.

Tulisikia akihangaika na simu, tukasikia vyombo, na mtu anaagiza wali.

"Imeandikwa Mwanangu," akasema. "Sasa hii ni ya nani? Mimi wanangu wote niko nao hapa."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilikuwa nimeinama juu ya meza, mdomo karibu na ile simu, nikamuuliza ni nani aliyeiandika.

Alifikiri. Kisha akasema kulikuwa na kijana mrefu, mtu wa Musoma, mtu wa utani. Alikuwa anakula kwake. Simu yake iliharibika kwa maji shimoni, akawa anaomba ya Shija, na namba aliiandika humo mwenyewe.

"Alikuwaga anasema anampigia binti yake," Shija akasema. "Sisi tukajua ana binti. Alipigaga jioni baada ya kula, anaambiwa haipatikani. Anacheka, anasema binti yangu analala mapema."

Jioni mtandao wa Murangi hupotea kabisa. Hata kikombe hakisaidii.

Nikamwambia mimi ndiye binti yake. Nikamweleza habari ya jina la baba yangu, maneno yakitoka ovyo, na yule mama alinisikiliza mpaka mwisho ingawa wateja walikuwa wanamwita. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema hajui. Mashimo yale yalikauka, watu wakahama kabla ya mvua za mwaka jana, kila mmoja na njia yake, naye akahamishia jiko lake hapa alipo sasa. Lakini aliondoka mzima, akasema, alioga akavaa shati safi akaja kumuaga.

"Alikuwa anashiba?" nikauliza.

"Nilikuwa namwekea ukoko wa wali. Alipenda ukoko kuliko wali wenyewe. Wengine walinuna."

Tangu utotoni alikuwa akigombania ukoko na Hilda. Nikamshukuru kwa ule ukoko. Nilishukuru mara nyingi, nadhani nilimchosha. Akasema wachimbaji wanazungukaga, leo huku kesho kule, na akipita kwake atamwambia binti yake amepiga.

"Mwambie apige alfajiri," nikasema. "Kabla jogoo hajawika. Jioni huwa hapashiki."

Akarudia: alfajiri, kabla ya jogoo. Kisha akaaga, wali ulikuwa unaungua.

Sikuwa nimempata Evance. Nilikuwa na shati safi, na kicheko alichokuwa anachekea simu isiyopatikana, na jambo moja kubwa, kwamba alikuwa ananitafuta. Niligeuza geuza mambo hayo usiku nikiwa nimelala kitanda kimoja na Debora, na sikumwamsha.

Asubuhi aliifuta ile programu kwenye simu yangu. Akafungua kompyuta ili afute na ile mashine ya kuigiza. Nikamwomba angoje kidogo. Nilitaka kuwaona tena watu wa Esta, yule wifi na sufuria yake, Fredi na sato wake. Nikafika kwenye ule ujumbe ambao sikuutamka mimi, nikauwekea kidole, nikaacha kidole hapo. Debora aliuona.

"Haya, futa," nikasema.

Akabonyeza, na Esta na ukoo wake wote wakaondoka bila kelele.

Alirudisha kiti na sahani kwa jirani, akaniandalia mkate na mayai ya safarini, akanisindikiza. Njiani alinitania kwamba nikifika nimtoe yule tetea kwenye tenga, kifungo chake kinatosha. Nikasema nitamwangalia kwanza macho. Aliomba kwa dereva nikae mbele, akafunga mkanda wangu mwenyewe, akaukaza kama ninayesafirishwa mbali sana. Gari likaanza kunguruma na yeye hakuuachia mlango.

"Mke mwenzangu," akasema, akiwa anaangalia mwavuli wa Petronila na si mimi. "Utakuja tena lini? Njoo hata kama simu haina kitu."